Mlitufunza Kupika, Si Fizikia

Wacha nikuulize swali moja na ujibu kwa roho safi, hapa hakuna mwalimu wa zamu. Siku ya praktikali ya fizikia kwa KCSE, namba ngapi kwenye jedwali lako zilitoka kwa vifaa, na ngapi zilitoka kwa kichwa chako?

Haya. Umecheka. Nilijua utacheka, kwa sababu hii ni ile siri ambayo kila mtu anaijua. Mwanafunzi anajua, mwalimu anajua, anayesahihisha anajua, hata yule mama wa jikoni aliyekuwa anapita dirishani anajua. Tunaiita kupika. "Pika tu, buda." Na tunaisema bila aibu, kama watu wanaongea juu ya ugali.

Leo nataka tuone aibu kidogo. Mimi nikiwa wa kwanza.

Kwa wale wamesahau, ama hamjafika huko: fizikia ya KCSE ina karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili ni nadharia, alama 80 kila moja. Ya tatu ndiyo praktikali, alama 40, saa mbili na nusu, na zile dakika 15 za kwanza ni za kusoma maswali na kuhakikisha vifaa vyako viko. 40 kwa 200. Hiyo ni asilimia 20 ya fizikia yako yote. Moja kwa tano. Na hiyo moja kwa tano, shule nyingi zinaifundisha wiki za mwisho za kidato cha nne, mbio mbio, kama mtu anayefagia nyumba wageni wakiwa tayari kwa geti.

Nikuambie yangu.

Moki. Swali la pili lilikuwa la umeme. Waya wa nikromu umebandikwa kwa rula ya mita, mawe mawili ya tochi, swichi, amita, voltimita. Kazi ni kugusisha waya kwa sentimita 20, halafu 30, halafu 40, unaendelea hivyo, kila mahali unasoma mkondo na volteji. Unajaza jedwali, unachora grafu, unatoa mteremko. Ukisoma kwa karatasi ni kitu ya mtoi wa nasari. Sasa kwa graundi: mshale wa amita yangu ulikuwa unarudi nyuma ya sifuri. Sikujua nimeunganisha chanya mahali pa hasi, kwa sababu hiyo ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kushika amita. Mara ya kwanza ilikuwa wiki moja kabla, tukiwa watu wanane kwa meza moja, na kazi yangu mimi ilikuwa kushikilia rula isianguke.

Nikageuza waya, mshale ukaamka. Nikaanza kusoma. Namba ya kwanza ikaja, ya pili ikaja, kufika ya tano zikaanza kiburi. Zilikuwa zinashuka pale zinafaa kupanda. Nikarudi sentimita 20 kuhakikisha, nikapata namba tofauti kabisa na ile niliandika dakika kumi zimepita. Waya ni ule ule. Mahali ni pale pale. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hii kitu inanipa namba tofauti."

Akaangalia saa yake, akaangalia karatasi yangu, akainama akaniambia polepole: "Andika kitu inaeleweka."

Sikuandika kitu inaeleweka. Sio ati nilikuwa mtakatifu, hapana. Sikujua kupika, hiyo tu. Niliandika kile niliona, na grafu yangu ikakaa kama barabara ya mtaani baada ya mvua ya Aprili. Nikapata 7 kwa 20. Jirani yangu, ambaye tuliketi naye meza moja na mawe ya tochi mabovu kama yangu, alipima mara mbili peke yake. Halafu akachora mstari kwanza, kwa rula, mzuri, umenyooka. Halafu akasoma namba kutoka kwa mstari akazirudisha kwa jedwali. Halafu, na hapa ndio ujue huyu msee ni msanii, akasukuma alama tatu kando kidogo ndio isionekane imepikwa. 18 kwa 20. Mwalimu akaionyesha darasa lote kama mfano.

Sina chuki na huyo jamaa. Ni rafiki yangu mpaka leo. Alifanya kile shule ilikuwa inalipa. Lakini hebu angalia kile sisi wawili tulijifunza siku hiyo. Yeye alijifunza kwamba majibu yanakuja kwanza, halafu vipimo vinafuata. Mimi nilijifunza kwamba macho yangu ni ya kunikosesha alama. KCSE ilipofika, mimi pia nilikuwa mpishi. Mzuri sana.

Sasa hii ndio inaniuma. Zile namba zangu mbovu za moki zilikuwa SAWA.

Nilikuja kujua miaka kadhaa baadaye, na si kwa darasa. Nilikuwa Luthuli nimepeleka simu. Unajua ile shida: simu inaonyesha asilimia 15, unafungua kamera upige kitu, inazima. Unaiwasha tena, inakuambia asilimia 14. Nikamwambia fundi betri yangu inadanganya. Akatoa betri, akaweka mita, akanionyesha: bila kazi, volteji iko poa kabisa. Akaipa mzigo kidogo, volteji ikaanguka mbele ya macho yangu. "Betri haidanganyi," akasema, "imechoka ndani." Nikasimama pale kwa kaunta kama mtu ameona jini. Hiyo ndiyo moki yangu! Hiyo ndiyo praktikali yangu yote!

Sikia. Jiwe la tochi, betri ya simu, betri ya matatu, zote zina ukinzani ndani yake. Ukiliacha jiwe bila kazi linaweza kukuonyesha volti 1.5 safi. Ukiliunganisha na waya, sehemu ya hiyo volteji inaliwa huko ndani kabla itoke. Kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa, ndivyo inaliwa zaidi. Na kadiri jiwe linavyochoka, huo ukinzani wa ndani unapanda. Sasa rudi kwa meza yangu. Waya wa sentimita 20 ni mfupi, ukinzani wake ni mdogo, kwa hivyo unavuta mkondo mkubwa. Mimi nilikuwa nimeacha swichi imewashwa muda wote nikipigana na mshale. Yaani nilikuwa naliua jiwe huku nalipima. Ndio maana niliporudi sentimita 20 nikapata namba ingine. Jiwe lile halikuwa tena jiwe lile.

Dawa yake ni nini? Unazima swichi baada ya kila kipimo. Ni hivyo tu. Sekunde moja ya kidole. Na ile fomula ya ukinzani wa ndani tulikuwa tumeikariri, tunaiimba, niamshe usiku wa manane ningekuandikia. Ilikuwa imekaa mbele yangu kwa meza, inanisalimia, inanipa mfano hai, na mtu mzima akaniambia niandike kitu inaeleweka. Kama angeniuliza swali moja tu, "Unafikiri ni kwa nini imebadilika?", ningetoka hapo na fizikia ya maisha. Nilitoka na 7.

Kwa hivyo mtu akiniambia praktikali zetu ni mbovu kwa sababu vifaa ni vibovu, mimi namwambia ngoja kidogo. Kifaa kibovu ni mwalimu mzuri sana, ukiruhusiwa kukiuliza maswali. Vifaa vinachangia, nakubali. Lakini ubovu wenyewe uko kwa kile tunalipia alama. Angalia vile grafu inasahihishwa: mihimili imepewa majina na vizio, alama. Skeli inafaa, alama. Nukta zimewekwa vizuri, alama. Mstari umenyooka, alama. Namba zote kwenye safu ziko na desimali sawa, alama. Hivyo vyote ni vitu vya maana, sikatai, mtu asiyejua vizio ni hatari. Lakini mpishi anavipata vyote bila kugusa kifaa hata kimoja! Na yule aliyeona kitu cha ajabu na akakiandika vile kilivyo, ako na alama ngapi za kuuliza kwa nini? Mimi sikuona hata moja.

Na hapa nataka niwaletee jirani yetu, kwa sababu hii hadithi kila mtoto wa Afrika Mashariki angefaa kuijua kabla ya kujua Newton.

Mwaka wa 1963, Tanganyika, kijana anaitwa Erasto Mpemba ako shule ya sekondari ya Magamba. Wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unaweka sukari, unaacha ipoe, ndio unaweka kwa friza. Nafasi za friza zilikuwa chache na watu wanapigania, kwa hivyo Mpemba akaingiza yake ikiwa bado moto. Na ikaganda mbele ya ile ya mwenzake ambayo haikuwa moto. Akauliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza, akafika Mkwawa kule Iringa, mwalimu mwingine akamcheka mbele ya darasa, ati hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa utani wa shule. Kila akikosea hesabu, wenzake wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Halafu siku moja akaja mgeni, profesa wa fizikia kutoka chuo kikuu kule Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza lile swali lake. Darasa likacheka. Osborne hakucheka. Alisema atajaribu. Alirudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo, na fundi akarudi akasema kweli, yale yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliganda kwanza. Lakini akaongeza, na hii naipenda sana, kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi.

Umeshika? Hata fundi wa maabara ya chuo kikuu, namba ziko mbele yake, anataka kurudia mpaka zikubaliane na kile anaamini. Huo ni upishi. Sisi wote tuna huo ugonjwa. Ila Osborne aliandika kile kilichoonekana, na mwaka wa 1969 yeye na Mpemba wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education. Leo duniani kote hiyo kitu inaitwa kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana mpaka sasa: kuna wanaosema ipo, kuna wanaosema ukipima kwa makini haipo. Na hiyo ndio utamu wake. Mabishano ya zaidi ya miaka hamsini yameanzishwa na mtoi aliyekataa kuandika kitu inaeleweka. Sasa niambie, huyo Mpemba angekaa kwa meza yangu ya moki, angepata ngapi?

Najua mtu amekaa hapo anasema: sawa msupa, umeongea, lakini pesa ziko wapi? Mwalimu mmoja wa fizikia, darasa la watu sitini, hakuna fundi wa maabara, hata hiyo maabara ilijengwa kwa harambee na sasa ni stoo ya mahindi.

Hiyo hoja naiheshimu. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hutengewa na serikali shilingi 22,244 kwa mwaka, na hakuna muhula unapita bila wakuu wa shule kulia kwamba pesa zimechelewa ama zimekuja nusu. Pesa ikichelewa, kitu cha kwanza kukatwa si chakula, si stima. Ni mawe ya tochi ya maabara. Naelewa. Mwalimu mwenyewe pengine alifunzwa vile vile, kwa kupika, na hapo chuoni akapika tena. Sitamlaumu peke yake.

Lakini kuna uongo umejificha ndani ya hiyo hoja, na lazima niutoe. Tunaongea kana kwamba fizikia ya sekondari inahitaji mashine ya kutoka Ujerumani. Angalia vitu ambavyo huwa vinakuja kwa praktikali: uzi na kitu kizito mwishoni. Rula ya mita inasawazishwa kwa kitu chenye ncha. Lenzi, mshumaa na karatasi nyeupe. Maji moto kwa bika yakipoa, na thamomita. Plastisini. Pini nne na kipande cha kioo. Spiringi. Zaidi ya amita, voltimita na thamomita, karibu kila kitu hapo kinapatikana kwa duka la vifaa ama kwa droo ya shosho yako. Uzi haujawahi kuchelewa sababu ya Hazina ya Kitaifa.

Kilichokosekana shuleni kwetu kwa uzi ilikuwa ruhusa. Maabara ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa na naibu wa mwalimu mkuu, na vifaa vilikuwa vinaokolewa "visiharibike kabla ya KCSE". Yaani miaka mitatu na nusu vinatunzwa ndio vikatumike saa mbili na nusu. Ni kama kununua viatu na kuvitundika ukutani mpaka siku ya mbio, halafu ushangae kwa nini vinauma.

Kuna ile nyingine ya siku hizi: si mtumie tu kompyuta? Kuna majaribio ya mtandaoni ya bure, kama yale ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado. Nimeyatumia, ni mazuri sana, na kama uko mahali hakuna kitu kabisa, tafadhali yatumie. Lakini kwenye skrini ni wewe unaamua betri iwe na ukinzani kiasi gani. Ni wewe unaamua kuwe na msuguano ama kusiwe. Waya wa skrini haujashika kutu. Mshale wake haurudi nyuma mbele ya watu sitini. Unajifunza vile dunia ingekuwa kama ingekuwa na adabu, na hakuna mtu analipwa mshahara kutengeneza dunia yenye adabu. Fundi wa Luthuli analipwa kwa sababu vitu vinakataa.

Nilienda chuo kusomea uhandisi. Mwaka wa kwanza, maabara, tukapewa osiloskopu, ile ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwa kioo. Nilikuwa na alama nzuri za fizikia, kumbuka, mimi ni mpishi aliyefuzu. Nikaangalia zile swichi na vile vifundo vyote, mikono ikakataa. Nikafanya nini? Nikangoja jirani amalize, nikanakili namba zake, nikazitingisha kidogo. Mwaka wa kwanza wote. Mwaka wa pili nikaacha. Sitakuambia niliacha chuo kwa sababu ya amita, hiyo itakuwa uongo na tumekubaliana leo hakuna kupika. Karo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Lakini nakumbuka siku ile nilibeba begi kutoka hosteli, na sehemu ndogo ya moyo wangu ilishukuru kwamba sitaingia ile maabara tena. Mtu anayependa vifaa hivi, ambaye sasa anafungua kamera na kuchomelea maikrofoni zake mwenyewe kwa chumba cha kupanga, alikuwa anaogopa maabara. Hiyo si kawaida. Hiyo nilifunzwa.

Na sasa tunaingia kwa mtaala mpya. Januari 2026 wale watoto wa kwanza wa CBC wameingia Gredi 10, na wamegawanywa kwa njia tatu, na njia ambayo serikali inaimba zaidi ni STEM. Lengo ambalo limekuwa likitajwa ni asilimia 60 ya wanafunzi wote waende huko. Asilimia 60! Na bado 8-4-4 haijaisha, wale wa mwisho wanakalia KCSE yao 2027, kwa hivyo kwa sasa hiyo maabara moja yenye kufuli inangojewa na vizazi viwili.

Kwa karatasi CBC ndiyo dawa. Imejaa kufanya, kutengeneza, kugundua. Lakini sote tumeona vile ile kitu ya miradi ya nyumbani iliisha. Saa nne usiku, mama ametoka kazini, anakata katoni na kubandika gundi, mtoto amelala kwa kochi. Asubuhi mradi unapewa alama za juu. Hiyo ni nini kama si kupika? Tumehamisha jiko tu kutoka maabara hadi sebuleni. Ukibadilisha jina la mtaala na ukaacha alama zikienda kwa kitu kilichokaa kizuri, watu watapika. Hata mimi ningepika. Hata wewe mzazi unayesoma hii unajua ulipika.

Mtu asininukuu vibaya kwamba nataka praktikali zitolewe kwa mtihani. Kuna mahali wamefanya karibu hivyo. Uingereza, kwa A-level, tangu kozi mpya za 2015, kuna majaribio ya lazima ambayo lazima uyafanye, fizikia ni kama 12, lakini hayaingii kwa gredi. Mwalimu anathibitisha tu kwamba umeyafanya, matokeo yake yanaandikwa kando na gredi, halafu kwa karatasi ya nadharia wanakuuliza maswali juu yake. Kuna uzuri hapo: hakuna mtu anapika kwa hofu ya mstari kupinda. Lakini jamani, tujuane. Kenya, kitu isiyo na alama? Siku hiyo hiyo maabara inageuzwa bweni. Sisi kitu bila alama hatukifanyi, hiyo ni tabia tumelelewa nayo, na sitadanganya kwamba itaisha kesho.

Ninachotaka ni alama zihamishwe. Hizo 40, hata 20 zake, zitoke siku moja ya Novemba ziende kwa daftari la miaka minne, lenye namba mbovu zikiwa zimeachwa humo, zimekatwa kwa mstari mmoja bila kufutwa, na chini yake mtoto ameandika anafikiri nini kilitokea. Mnipe alama kwa kusema "nadhani jiwe limechoka, nimelibadilisha, sasa angalia". Mumpe jirani yangu sifuri kwa mstari mzuri ambao hawezi kueleza. Na siku ya mtihani wenyewe, swali moja liwe na kifaa kibovu makusudi, na kazi iwe kutafuta ubovu. Nyinyi watu wa KNEC mnaweza. Mnatuma shuleni yale maagizo ya siri ya kuandaa vifaa kila mwaka, mnajua kupanga. Panga na hilo.

Na walimu wangu, hasa nyinyi vijana wa mikataba ambao tuko rika moja, najua mko wachache na mshahara ni wa kuhesabu kwa vidole. Siwaombi maabara. Nawaombea neno moja litoke midomoni mwenu, mtoto akiinua mkono na namba yake ya ajabu. Badala ya "andika kitu inaeleweka", sema "hebu rudia tuone". Haitumii stima.

Sasa wewe uliyesoma hadi hapa. Usiku wa leo, kabla ya kulala, tafuta uzi. Funga nati ama padloki ndogo mwishoni, tundika mahali, na upime mita moja kutoka pale umetundika hadi katikati ya hicho kitu kizito, si hadi kwa fundo. Ivute kando kidogo tu, iachilie, upime kwa simu muda wa kwenda na kurudi mara 20. Usipime mara moja, kwa sababu kidole chako kinachelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na kwa bembea moja ya sekunde mbili hiyo ni kosa la asilimia 10. Kwa mara 20 haionekani hata.

Inafaa kuwa karibu sekunde 40. Ukipata 38, usiguse hiyo namba! Ukiiweka kwa fomula itakupa g ya karibu 10.9, na utashikwa na ile hamu ya kuandika 9.8. Tulia. Jiulize ulianza kuhesabu vipi. Kama uliposema "moja" ni ile sekunde uliachilia, basi umehesabu bembea 19 ukadhani ni 20. Anza na sifuri, rudia. Ukipata 43 na uliivuta juu sana hadi karibu dari, hiyo nayo ina sababu yake, punguza uone.

Nitumie picha ya uzi wako na namba yako vile ilivyokuja. Yangu ya kwanza jana ilikuwa 41.6, na bado sijajua ni kwa nini. Nashuku ni uzi wa kushonea viatu, unanyooka ukibeba uzito. Leo usiku najaribu na waya.